Hakuishia China, Aliishi

Kuna kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho waandishi wa habari za michezo wanakipenda kuliko kinavyostahili: kuishia. Alianza vizuri NBA, lakini akaishia kucheza China. Alikuwa nyota, akaishia Uturuki. Ukikutana na sentensi ya namna hiyo unajua habari imefungwa. Inasikika kama tangazo la tanzia redioni. Kilichobaki ni kutaja wafiwa tu. Hakuna anayeuliza huko alikoishia alikuta nini, alishinda au alishindwa, alipendwa au alivumiliwa.

Mtazamo huo tumeuazima kwa Wamarekani. Kwao, mchezaji wa mpira wa kikapu akisemwa kuwa "amekwenda nje", maana yake amekwisha. Ajabu ni kwamba sisi tuna neno zito la safari za mbali, ughaibuni, na kwa kawaida mtu wetu akienda ughaibuni ndipo hadithi yake inapoanza. Anaagwa kwa dua, anachangiwa nauli, na miaka yote wanaobaki wanasubiri simu. Sasa Mmarekani naye akienda ughaibuni kutafuta riziki, kwa nini hadithi yake ifie uwanja wa ndege?

Hebu leo tumfuate mmoja wao hadi ng'ambo tuone. Jina lake Stephon Marbury.

Turufu ya mwisho ya familia

Alizaliwa tarehe 20 Februari 1977, Coney Island, ncha ya kusini ya Brooklyn, pale ambapo maghorofa ya nyumba za umma za New York yanatazamana na bahari. Mimi ni mtu wa vitabu kabla ya kuwa mtu wa kikapu, na bahati nzuri mtaa huo una kitabu chake: *The Last Shot* cha Darcy Frey, kilichochapishwa 1994. Frey aliandamana na vijana wa timu ya sekondari ya Abraham Lincoln, akaandika jinsi kila mmoja wao alivyouona mpira kama tiketi ya kuondokea. Marbury yumo humo, akiwa na miaka 14 tu. Kaka zake watatu walikuwa wameshapita shule hiyohiyo, wote wakicheza vizuri, wote wakitarajiwa kufika NBA, na hakuna aliyefika. Stephon ndiye aliyekuwa turufu ya mwisho ya familia. Ukikisoma kitabu hicho leo unaona jambo ambalo mwandishi hakuweza kulijua wakati ule: huyu mtoto mwenye majivuno ndiye atakayefika, na kufika hakutamtosha.

Maana alifika kweli. Baada ya mwaka mmoja tu katika chuo kikuu cha Georgia Tech aliingia drafti ya 1996, akachaguliwa wa nne na Milwaukee Bucks, na usiku uleule akapelekwa Minnesota Timberwolves kwa kubadilishana na Ray Allen. Miaka miwili baadaye Spike Lee alitoa filamu ya *He Got Game*, kuhusu kijana wa Coney Island anayechezea Lincoln, na aliyeigiza kama kijana huyo ni Ray Allen huyohuyo. Maisha yana utani wake.

Kwa takwimu, Marbury hadaiwi. Misimu 13 NBA, wastani wa pointi 19.3 na pasi za kufungisha 7.6 kwa mechi, mara mbili kwenye Mchezo wa Nyota, 2001 na 2003. Lakini kila alipoondoka, timu aliyoiacha ilionekana kupumua. Minnesota hakutaka kukaa, ingawa Kevin Garnett alikuwa pale. New Jersey walimtoa 2001 wakamchukua Jason Kidd, na wakacheza fainali ya NBA misimu miwili mfululizo. Phoenix walimtoa Januari 2004, kiangazi kilipofika wakamsajili Steve Nash, na msimu uliofuata wakashinda mechi 62. Mashabiki wa China waliokuwa wakitazama mechi hizo kwenye televisheni walimpa jina la Mbwamwitu Mpweke. Lilimkaa sawasawa.

Phoenix walimpeleka New York Knicks, nyumbani kabisa, na huko ndiko alikovunjika. Desemba 2007 baba yake alifariki wakati Knicks wakiwa uwanjani wanacheza. Stephon alipewa habari mechi ilipomalizika. Msimu wa 2008 na 2009 kocha mpya alimweka kando, akawa analipwa zaidi ya dola milioni 20 bila kucheza. Februari 2009 aliachiwa, akamalizia msimu Boston Celtics, na mkataba mdogo aliopewa baada ya hapo akaukataa.

Kisha ukaja Julai 2009. Marbury alifungua kamera ya intaneti akajirusha mbashara saa 24. Akacheza muziki, akalia, akala Vaseline mbele ya watazamaji akisema ni dawa ya koo. Dunia ikacheka. Vipande vya video vikasambazwa huku na huku kama vichekesho vya harusini. Miaka kadhaa baadaye alisimulia kwenye televisheni kwamba kuna siku wakati ule alikuwa akitamani kufa. Waliokuwa wanacheka, basi, walikuwa wanamtazama mtu anayezama.

Kabla hatujaondoka Marekani niweke jambo moja pembeni, kwa kuwa watu hulisahau. Mwaka 2006, akiwa bado anaogelea kwenye pesa za Knicks, Marbury alitoa viatu vya kikapu vilivyoitwa Starbury, bei dola 14.98, wakati viatu vya nyota wenzake viliuzwa zaidi ya dola mia. Na yeye mwenyewe alivivaa viatu hivyo kwenye mechi za NBA. Duka lililoviuza lilifilisika 2008 na mradi ukafa nalo. Lakini ndani ya huyo mbwamwitu palikuwa na mtu aliyekumbuka mzazi wa Coney Island anavyohisi mtoto anapomwomba viatu. Mtu huyo hakuzaliwa China, alikwenda nako.

Nje ina historia yake

Wanaosema "akaishia nje" huzungumza kana kwamba nje ni shimo. Ukifungua historia ya kikapu unaona vinginevyo. Bill Bradley, nyota wa chuo cha Princeton, alikwenda Oxford mwaka 1965 kwa ufadhili wa Rhodes, na akiwa mwanafunzi huko alikuwa akisafiri kwenda kuichezea Simmenthal Milano ya Italia. Mwaka 1966 wakawa mabingwa wa klabu za Ulaya. Baada ya hapo ndipo akaenda Knicks, akachukua ubingwa wa NBA 1970 na 1973, kisha akawa seneta wa New Jersey. Kwake nje ilikuwa mlango wa mbele.

Bob McAdoo, mchezaji bora wa NBA wa 1975, alikwenda Milano 1986 watu wakidhani ameshachoka, akatwaa ubingwa wa Ulaya 1987 na tena 1988. Dominique Wilkins aliyekuwa akiruka kama hana mifupa kule Atlanta, alibeba kombe hilo na Panathinaikos ya Ugiriki 1996.

Hao ni majina makubwa. Wengi wanaokwenda nje ni vibarua wenye vipaji. Mashabiki wa Kariakoo wanawaita wachezaji wa namna hiyo "mapro", na wanajua jinsi pro anavyohukumiwa: mzawa akikosa bao ameteleza, pro akikosa amekula hela za bure. Kwenye kikapu ni hivyohivyo. Ligi nyingi zinaweka kikomo cha wageni, kwa hiyo kila nafasi ya mgeni ni ghali, na anayeijaza anatakiwa afunge pointi nyingi kuanzia wiki ya kwanza. Mkataba ni wa msimu, mara nyingine wa miezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pro hukabidhiwa jembe akiwa bado hajachukua begi lake pale uwanja wa ndege, na siku ya tatu wanapima kina cha shimo alilochimba.

Taiyuan, Foshan, Beijing

Januari 2010 Marbury alitua Taiyuan, mji mkuu wa mkoa wa Shanxi, kaskazini mwa China. Shanxi ni mkoa wa makaa ya mawe. Mbinguni kwake kuna rangi ya kijivu kama ya sufuria iliyokaa mekoni. Timu iliitwa Shanxi Brave Dragons, nayo haikuwa timu ya makombe. Usiku aliofika, mashabiki walijaa uwanja wa ndege kumpokea.

Nadhani tukio hilo dogo lina uzito kuliko takwimu zote. Kule New York alikuwa ameshakuwa kichekesho. Hapa watu walikuwa wamekesha kumsubiri. Na walikuwa wanamjua vizuri, maana China ilikuwa na miaka mingi ya kuitazama NBA kwenye televisheni, na tangu Yao Ming alipochaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2002, mamilioni ya watu walikuwa wakijua hata majina ya wachezaji wa akiba. Marbury alicheza mechi 15 msimu huo, akawa mchezaji bora wa Mchezo wa Nyota wa ligi ya China, CBA.

Ila msishangilie mapema. Shanxi haikuendelea naye. Msimu uliofuata alihamia Foshan, mkoa wa Guangdong, kwenye timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, na hapo pia pakawa pa msimu mmoja. Miji miwili kwa miaka miwili. Jembe lile. Mtu mwingine angesema mambo ni yaleyale, angerudi kwao. Yeye 2011 akasaini na Beijing Ducks, akiwa na miaka 34, umri ambao magoti ya mchezesha timu huanza kuzungumza peke yake.

Mwaka huo NBA ilikuwa imefunga milango kwa mgogoro wa wachezaji na wamiliki, na baadhi ya wachezaji wake wakamiminika China: J.R. Smith, Kenyon Martin, Wilson Chandler, Aaron Brooks. CBA iliwapa sharti: ukisaini, hakuna kuruka kurudi Marekani mgogoro ukiisha, msimu uishe kwanza. Wengi wao walikaa kama watu walio kwenye chumba cha kusubiria treni. Marbury hakuwa akisubiri treni yoyote.

Beijing walifika fainali dhidi ya Guangdong Southern Tigers. Hapa msomaji asiyefuata kikapu cha China inabidi aelewe ukubwa wa mlima: Guangdong walikuwa mabingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2008 hadi 2011, na kikosini walikuwa na huyo Brooks wa NBA. Beijing, timu ya mji mkuu, haikuwahi kutwaa ubingwa wa CBA hata mara moja. Mwisho wa Machi 2012, katika mechi ya tano, Marbury alifunga pointi 41, Beijing wakashinda 124 kwa 121 na kumaliza mfululizo kwa mechi 4 kwa 1. Ndani ya mwaka huohuo mji ukamjengea sanamu karibu na ukumbi wa Wukesong, ule uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2008.

Wangeweza kuishia hapo (hapa kitenzi kinafaa). Lakini 2014 walitwaa tena, wakiwafunga Xinjiang, na 2015 tena, wakiwafunga Liaoning, na mara hii Marbury, akiwa na miaka 38, akawa mchezaji bora wa fainali. Makombe matatu katika misimu minne. NBA, kwa misimu 13, hakuwahi kucheza hata mechi moja ya fainali.

Kutoka mbwamwitu hadi kamisaa

Swali linalonivutia mimi ni la majina. Wachina walewale waliomwita Mbwamwitu Mpweke walianza kumwita Ma Zhengwei. Ma ni silabi ya kwanza ya jina lake kwa Kichina. Zhengwei ni kamisaa wa siasa, yule ofisa jeshini ambaye kazi yake ni kushughulikia nyoyo za askari: anawapa moyo, anasikiliza manung'uniko, anahakikisha kila mtu anajua anapigania nini. Lina utani ndani yake, lakini watu hawamtanii mtu kwa cheo hicho kama haonyeshi dalili za kukistahili. Mtu aliyesifika Marekani kwa kutoelewana na wenzake amepewa cheo cha mlezi wa kikosi.

Nini kilibadilika? Wapo watakaosema China ilimbadilisha tabia. Mimi naona sababu iliyo karibu zaidi na ardhi. Kwa kanuni za ligi, wageni hawawezi kucheza dakika zote wapendavyo, kwa hiyo timu inayotegemea wageni peke yao hufa dakika za mwisho. Mapro wengi hulijibu tatizo hilo kwa kufunga wawezavyo wakiwa uwanjani. Yanayofuata si yao. Anayetaka ubingwa hana budi kuwekeza kwa wenyeji. Marbury alifika akiwa amepoteza karibu kila kitu kinachomfanya mtu awe na haraka: mkataba mkubwa, jina, wakala wa kumnong'oneza kwamba kuna timu bora zaidi. Alikuwa na muda. Na kocha wa Beijing, Min Lulei, alikuwa na timu iliyohitaji mtu wa namna hiyo. Haja ya huyu ilikutana na haja ya yule.

Kisha aliishi mjini kama mtu anayeishi mjini. Alipanda treni za chini ya ardhi kwenda mazoezini na kwenye mechi, watu wakampiga picha amesimama amening'inia kwenye kishikio kama abiria mwingine. Aliandika safu katika gazeti la *China Daily*. Mwaka 2014 alipanda jukwaani Beijing katika tamthilia ya muziki kuhusu maisha yake, akiigiza kama yeye mwenyewe. Kwenye mahojiano, mkalimani alikuwa karibu naye miaka yote. Kwa sisi tunaoamini kwamba lugha ndiyo nyumba, hilo linatupa la kufikiria: mtu alikubalika kwa miguu yake na kwa kukaa kwake, kabla ya ulimi wake.

Nisipake rangi tu. Mapenzi hayo yalikuwa na hesabu ndani yake. Mwaka 2014 Beijing ilimpa uraia wa heshima, na baadaye akapata kibali cha ukaazi wa kudumu, kitu ambacho wageni wachache sana hukipata China. Mji mkuu wa nchi inayotaka kupendwa na dunia, ukipata Mmarekani anayeupenda hadharani, hauwezi kuacha kumtangaza. Naye alikuwa mfanyabiashara. China ilikuwa soko la viatu vyake. Na mwaka 2017, akiwa na miaka 40 na bado anataka kucheza, Ducks hawakumpa tena mkataba. Sanamu ipo nje ya ukumbi, mwenyewe anatafuta timu. Alihamia kwa majirani wadogo, Beijing Fly Dragons, akacheza msimu mmoja na kustaafu tarehe 11 Februari 2018. Mwaka uliofuata klabu hiyohiyo ilimfanya kocha.

Lakini hesabu hazifuti mapenzi. Machi 2020, New York ilipokuwa inahangaika na korona na barakoa hazipatikani, Marbury alitangaza kutoka China kwamba amepata watengenezaji walio tayari kuuza barakoa milioni 10 kwa mji wake wa kuzaliwa, bila yeye kuchukua faida. Mji uliomcheka 2009. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni ndiye aliyepona, na alipopona akawakumbuka wa kwao.

Na sisi je?

Nilisema mtazamo huu tumeuazima. Mwaka 2009, mwaka uleule Marbury alipocheza mechi yake ya mwisho NBA, kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili katika drafti na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Waliochaguliwa baada yake ni pamoja na James Harden na Stephen Curry, na tangu hapo hadithi yake husimuliwa kwa kupimwa na hao wawili. NBA haikumkalia vizuri. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Na sisi, badala ya kuuliza mtoto wa Dar alikutana na nini Yokohama, tukatoa kitenzi chetu: akaishia Asia.

Sisemi kila safari ya nje ni ushindi. Wapo wanaokwenda wakadhulumiwa mishahara, wapo wanaovunjika mguu wakasahaulika mji wa watu. Hizo nazo ni hadithi, na zinastahili kusimuliwa zilikotokea, na majina ya miji yake, na matokeo ya mechi zake. Ninachokataa ni kuzifunga kabla hazijaanza, kwa sababu tu zimetokea mahali ambapo kamera za Marekani hazifiki.

Darcy Frey aliacha kitabu chake mwaka ambao Marbury alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Ningependa siku moja mtu akiandike kile cha pili, kinachoanzia uwanja wa ndege wa Taiyuan usiku wa baridi, watu wamekesha na mabango mkononi. Kwa Kiswahili, tofauti ya kuishia na kuishi ni herufi moja tu. Marbury aliishi China. Tunapoandika habari za walio mbali, za Wamarekani na za watoto wetu, tuikague hiyo herufi kwanza.